Django na Daftari la Kikoba: Uchambuzi wa Kisa cha Kujifunza Fremuweki ya Wavuti

Kisa hiki kinamhusu kijana mmoja wa Morogoro, mwenye stashahada ya TEHAMA, aliyetaka kujifunza Django, fremuweki ya lugha ya Python (yaani msimbo ulio tayari ambao mtu hujengea mfumo wake juu yake), ili atengeneze mifumo ya wavuti na kujipatia riziki. Alikuwa na kompyuta mpakato ya mtumba yenye betri iliyochoka, simu, bando la intaneti analolinunua kwa kubana matumizi mengine, na folda iliyojaa video za mafunzo alizozipakua usiku. Alikuwa amejaribu kwa muda mrefu bila kufikia mahali pa kuweza kutengeneza kitu chake mwenyewe. Alipokuja kuomba ushauri alikuwa na swali moja tu: je, aiache Django ahamie fremuweki nyingine? Marafiki walikuwa wamemwambia kwamba Laravel, fremuweki ya lugha ya PHP, ni nyepesi zaidi, wengine kwamba siku hizi ajira zote ziko kwenye React, zana ya JavaScript ya kujengea kurasa, na yeye mwenyewe alishaanza kuamini kwamba kichwa chake si cha programu.

Nimeona kinastahili kuandikwa kwa kirefu kwa sababu swali lile huulizwa na vijana wengi, na jibu wanalopewa kwa kawaida, yaani orodha nyingine ya video na kozi, ndilo lililomfikisha kijana huyu pale alipokwama. Msimamo wangu, ambao natumaini kisa chenyewe kitauonyesha, ni kwamba fremuweki hujifunzwa vizuri zaidi pale mwanafunzi anapokuwa na kazi ndogo ya kweli mkononi, yenye mtu anayeweza kuitazama na kusema kwamba si hivyo inavyotakiwa, kisha akaisoma fremuweki kwa kadiri kazi hiyo inavyomdai.

Alikwama wapi hasa

Jambo la kwanza lilikuwa kumwomba aanze mradi mpya mbele yangu, akiifuata video aliyoiamini kuliko nyingine zote. Alikwenda vizuri mpaka alipofika kwenye faili la anwani za kurasa, ambapo mwalimu wa kwenye video aliandika mstari wa kuingiza `url` kutoka `django.conf.urls`. Kijana aliunakili mstari ule herufi kwa herufi, akawasha seva, na terminali, lile dirisha la kuandikia amri, ikajaa maandishi mekundu yaliyoishia na ujumbe wa `ImportError`, yaani kilichotakiwa kuingizwa hakikupatikana. Nilichokitazama zaidi ni alichofanya baada ya hapo: alisoma mistari miwili ya juu, akashusha pumzi, akaifunga terminali, na mkono wake ukaenda moja kwa moja kwenye folda ya video kutafuta nyingine.

Kosa lile lina historia yake. Django ilizaliwa mwaka 2003 katika chumba cha habari cha gazeti la Lawrence Journal-World huko Kansas, Marekani, mikononi mwa Adrian Holovaty na Simon Willison, ikatolewa kwa umma mwaka 2005, na tangu hapo haijaacha kubadilika; siku hizi toleo jipya hutoka takriban kila baada ya miezi minane. Toleo la 2.0, la Desemba 2017, lilileta `path` kama njia mpya ya kuandika anwani, na likaanza kumlazimisha mwandishi wa programu kutamka `on_delete` kila anapounganisha jedwali moja na lingine. Toleo la 4.0, la Desemba 2021, likaiondoa kabisa ile `url` ya zamani. Video ya kijana ilikuwa ya zama za toleo la 1, ilhali kompyuta yake ilikuwa imesakinisha toleo jipya kabisa, kwa kuwa ndilo linalokuja mtu asipotaja toleo alitakalo. Mwalimu alikuwa sahihi kwa wakati wake na kompyuta ilikuwa sahihi kwa wakati wake. Kati yao alisimama mwanafunzi asiyejua kwamba anasikiliza matoleo mawili tofauti, naye akajitwisha lawama ambayo haikuwa yake.

Tungeweza kuishia hapo, kumpa video mpya na kumtakia heri, na ninaamini angekwama tena kabla ya mwezi kwisha. Ushahidi ulikuwa kwenye kosa jingine alilonionyesha siku ileile. Alikuwa ameweka kiungo cha kutoka kwenye akaunti, na kila akikibonyeza alipata jibu la 405, yaani aina ya ombi haikubaliki. Tangu toleo la 5.0, Django haikubali tena mtu atolewe kwenye akaunti kwa ombi la aina ya GET, la kuomba ukurasa tu; inadai POST, la kutuma taarifa, kwa sababu kiungo cha kawaida kinaweza kufunguliwa na kivinjari, au kupenyezwa na tovuti nyingine, bila mwenyewe kukusudia. Nilimweleza hivyo, naye akaitikia kwa adabu, kisha nikagundua kwamba hajui GET na POST zinatofautianaje. Alikuwa ametengeneza fomu nyingi kwa kuiga, lakini hajawahi kuona ombi lenyewe likiondoka kwenye kivinjari na jibu likirudi. Pengo lilikuwa pale. Fremuweki hurahisisha mambo ambayo mtu anayajua na kuyachoka. Asiyeyajua huona miujiza mitupu, na muujiza ukiharibika hana pa kuanzia kuutengeneza.

Kuhusu video, sisemi kwamba hazifai. Tatizo ni kwamba humpa mtazamaji hisia ya kujua kabla hajajua. Mwaka 2006 watafiti Roediger na Karpicke waliwapa wanafunzi kifungu cha kusoma, baadhi wakakisoma tena na wengine wakatakiwa kukikumbuka bila kukitazama. Waliopimwa baada ya dakika 5 walionyesha kwamba kurudia kusoma kunasaidia zaidi. Waliopimwa baada ya wiki moja walionyesha kinyume chake, waliojilazimisha kukumbuka wakawa mbele kwa mbali. Kijana wetu alikuwa akiishi ndani ya zile dakika 5. Kila alipomaliza sehemu ya video alijiona ameelewa, na kila alipofungua faili tupu asubuhi yake hakuwa na la kuandika.

Kuanza bila fremuweki

Kwa hiyo ushauri wa kwanza ulimshangaza: aiweke Django pembeni kwa muda mfupi. Alitumia Python peke yake, kwa moduli ya `http.server` inayokuja nayo, kuandika programu ndogo inayopokea ombi na kurudisha ukurasa mmoja. Alifungua zana za wasanidi kwenye kivinjari na kutazama kila ombi: njia yake, vichwa vyake, namba ya jibu. Kisha akatengeneza kwa mkono jedwali la SQLite, hifadhidata ndogo inayokaa kwenye faili moja, na kuandika mwenyewe maneno ya SQL, lugha ya kuzungumza na hifadhidata, akaunganisha vitu hivyo viwili kwa msimbo wa kubangaiza ambao haukuwa mzuri hata kidogo. Ulipomchosha, alikuwa tayari. Aliporudi kwenye Django, faili la anwani lilikuwa ni ile milolongo yake ya `if` iliyopangwa vizuri, na modeli, yaani majedwali yaliyoelezwa kwa Python, zilikuwa ni SQL ileile iliyomsumbua.

Hatua hii isirefushwe. Wapo wanaoshauri kwamba mtu asiguse fremuweki mpaka amalize lugha nzima, mitandao yote na hifadhidata zote, na matokeo yake ni vijana wanaosoma misingi miaka nenda miaka rudi bila kujenga hata chumba kimoja. Inatosha mtu aweze kueleza kwa maneno yake kinachotokea kati ya kubonyeza kitufe na kuona ukurasa.

Baada ya hapo tulizifuta video na kushika nyaraka rasmi. Nyaraka za Django zinaweza kupakuliwa zote kama PDF, au kama kurasa za wavuti za kusomwa bila intaneti, kwa kila toleo, na kwa mtu anayehesabu bando hilo ni jambo kubwa kuliko linavyoonekana. Alipakua za toleo lililomo kwenye kompyuta yake, akaliandika toleo hilo wazi kwenye faili la mahitaji ya mradi ili lisibadilike bila yeye kujua. Mafunzo ya kuanzia yaliyomo humo yana sehemu 8 na hujenga programu ndogo ya maswali na kura. Sharti lilikuwa kwamba akimaliza kila sehemu, aifunge, kisha aiandike upya bila kutazama, akibadilisha maswali na kura kuwa kitu kingine anachokijua. Akakwama, afungue, asome, afunge tena. Ni kazi ngumu na ya polepole kuliko video, na ugumu huo ndio unaofundisha.

Sharti la pili lilihusu makosa: ujumbe wa kosa usomwe kuanzia chini. Mstari wa mwisho husema kilichotokea. Iliyo juu yake husema njia iliyopitiwa kufika hapo, na katika hiyo mwanafunzi atafute wa karibu zaidi na chini unaotaja faili lake mwenyewe. Hili dogo lilimbadilisha kuliko maelezo yangu mengine yote. Aliacha kuyakimbia yale maandishi mekundu na kuanza kuyajadili kwa sauti.

Daftari la shangazi

Sehemu yenye mafunzo mengi zaidi ilianza alipotafuta kazi ya kweli. Shangazi yake ni katibu wa kikoba chenye wanachama 25, wanaokutana kila Jumamosi saa tisa alasiri. Kila mwanachama hununua hisa kati ya 1 na 5, huchangia mfuko wa jamii, na huweza kukopa kwa riba ya asilimia 10. Kuchelewa kuna faini. Mwisho wa mwaka fedha yote hugawanywa kwa kadiri ya hisa. Fedha hukaa kwenye sanduku lenye kufuli tatu, na funguo hushikwa na watu watatu tofauti. Hesabu zote zimo kwenye daftari moja kubwa la mistari, ambalo shangazi hulitunza kwa umakini wa kupigiwa mfano.

Kijana aliandika modeli ya kwanza haraka. Kulikuwa na jedwali la wanachama, na kila mwanachama alikuwa na jumla ya hisa zake. Mtu akinunua hisa 3, namba inaongezwa 3. Aliwasha seva kwa anwani ya `0.0.0.0`, inayoruhusu vifaa vingine kuifikia, akawasha hotspot ya simu yake bila kutumia bando, ili shangazi afungue ukurasa kwenye simu yake pale sebuleni. Mara ya kwanza ulikataa, kwa sababu `ALLOWED_HOSTS`, orodha ya anwani zinazoruhusiwa, haikuitambua anwani ile. Kijana alisoma mstari wa mwisho wa kosa, akaongeza anwani, ukafunguka. Shangazi aliutazama kwa muda, akasema: "Mwanangu, hapa naona mama fulani ana hisa 41, lakini sioni alinunua lini. Siku akibisha, nitamjibu nini?"

Katika sentensi ile kulikuwa na somo zima la usanifu wa hifadhidata. Daftari la kikoba halifuti namba na kuandika nyingine juu yake. Kila mkutano una ukurasa wake na kila ununuzi una mstari wake, na jumla hupatikana kwa kujumlisha. Kijana alirudi kusoma juu ya `ForeignKey`, kiungo cha jedwali moja na lingine, safari hii akijua anatafuta nini, akatengeneza majedwali matatu: mwanachama, mkutano, na ununuzi unaowaunganisha. Alipofika kwenye `on_delete`, lile neno lililomkera alipofuata video za zamani, alilazimika kuuliza: mwanachama akifutwa, manunuzi yake yaende wapi? Jibu la shangazi lilikuwa kwamba mwanachama hafutwi kamwe, hata akihama au akifariki, maana fedha yake imo sandukuni. Hapo `PROTECT`, inayozuia kufuta, ikawa na maana, na sidhani kwamba kuna kozi ambayo ingeikaza kichwani namna ile.

Mambo mengine yalifuata kwa mtindo huohuo. Saa za mkutano zilionekana kuwa saa sita mchana badala ya saa tisa, kwa kuwa mradi mpya wa Django huja na saa za UTC, zilizo nyuma ya saa zetu kwa saa 3. Akajifunza kuweka `Africa/Dar_es_Salaam`. Aliweka pia lugha kuwa `sw`, na kurasa za usimamizi zikaanza kuonyesha Kiswahili katika sehemu zilizotafsiriwa, jambo lililompa shangazi ujasiri wa kuzigusa mwenyewe. Fedha alikuwa ameiweka kwenye `FloatField`, aina ya namba za desimali, kama alivyoona kwenye video, mpaka nilipomtaka aandike `0.1 + 0.2` kwenye Python na kutazama kinachorudi, ambacho si 0.3 kamili. Kwa kuwa kikoba hakina senti, alihamia kwenye namba kamili, na sehemu inayobaki kwenye mgawanyo ikafuata kanuni ya kikundi: fungu la kila mtu hushushwa hadi shilingi 100 iliyo karibu, na masalio huingia mfuko wa jamii.

Umeme nao ulifundisha. Ulikatika wakati anahifadhi mkopo, na kwa betri ile kompyuta ilizima papo hapo. Alipowasha, mkopo ulikuwa umeandikwa lakini mstari wa fedha kutoka sandukuni haukuwapo. Django kwa kawaida huhifadhi kila andiko kivyake mara linapokamilika. Maandiko mawili yanayotakiwa kufaulu au kushindwa pamoja lazima yafungwe ndani ya `transaction.atomic`. Maneno hayo yamo kwenye nyaraka na alishayapita bila kuyajali. Sasa aliyasoma kama mtu anayedaiwa.

Ukurasa wa jumla za wanachama ulipoanza kuchelewa, aliweka zana ya uchunguzi iitwayo Django Debug Toolbar na kuona maulizo 26 kwenda kwenye hifadhidata: 1 la kuleta orodha, na 1 kwa kila mwanachama. Kwa `annotate` na `Sum`, zinazoiachia hifadhidata kazi ya kujumlisha, yakawa 1. Ile SQL aliyoiandika kwa mkono mwanzoni ndiyo iliyomwezesha kuelewa anachokitazama.

Ninalolithamini zaidi kuliko yote hayo ni majaribio. Wanafunzi wengi huyaruka majaribio ya programu kwa sababu hawana jibu la kulinganisha. Wanajipima kwa kitu walichokitunga wenyewe. Hapa jibu lilikuwapo tayari. Shangazi alimpa kurasa za mwaka uliopita, kijana akaziingiza kwenye jaribio, na programu ikatakiwa kutoa mgao uleule uliotolewa mbele ya kikundi kizima. Haikutoa. Wanachama watatu walitofautiana na daftari, na uchunguzi ukaonyesha kwamba programu haikukata faini zilizokuwa hazijalipwa. Kanuni hiyo shangazi hakuitaja popote kwa sababu kwake ni jambo linalojulikana na kila mtu. Kijana alirekebisha, akaendesha jaribio, likapita.

Maswali yaliyobaki

Siwezi kukwepa suala la programu za akili mnemba zinazoandika msimbo, kwa kuwa kijana alikuwa nazo kwenye simu na asingeacha kuzitumia kwa sababu tu nimesema. Tulikubaliana kwamba mwanzoni azitumie kueleza kosa alilokwisha kulisoma, na kumuuliza maswali ya kujipima, lakini msimbo wa kikoba auandike kwa mkono wake. Nalo ni jambo la kuangaliwa kwamba zana hizo nazo hujifunza kutoka maandishi ya miaka mingi, hivyo huweza kumpa mtu mstari wa toleo lililopitwa na wakati kama ilivyofanya ile video. Mwenye nyaraka za toleo lake hatapotezwa kwa muda mrefu.

Watu nao wanahitajika. Django ina jumuiya inayopokea wageni kwa moyo: tangu mwaka 2014 Django Girls huendesha warsha za bure kwa wanawake na kutoa mafunzo yanayoweza kusomwa na yeyote, na Novemba 2023 mkutano wa DjangoCon Africa ulifanyika Zanzibar. Kijana wa Morogoro anayedhani kwamba mambo haya ni ya watu wa mbali anapaswa kuambiwa hilo mapema.

Kuhusu kuhama, hakuhama, lakini baadaye aliombwa kurekebisha fomu kwenye mfumo wa duka ulioandikwa kwa Laravel, iliyokuwa ikirudisha ukurasa wa 419. Hakuwa amejifunza Laravel. Alikuwa amewahi kukutana na 403 ya Django pale fomu inapokosa tokeni ya kuzuia maombi ya kughushi, akahisi kwamba ni jambo lilelile kwa namba nyingine, akakuta kweli fomu haina `@csrf`, neno linaloweka tokeni hiyo kwenye Laravel. Iwapo mtu anaanza kesho na anaijua PHP, au mji wake una kazi nyingi za PHP, aanze na Laravel bila wasiwasi wowote. Nilimshauri huyu abaki na Django kwa sababu Python ndiyo aliyokuwa akiijua.

Mfumo wa kikoba haujawekwa kwenye intaneti. Kijana alitaka kuuweka mara moja, shangazi akakataa mpaka apate majibu ya mambo mawili: nakala za akiba zitakaa wapi, na mkopo utaidhinishwaje, kwa kuwa sandukuni hakuna mtu mmoja anayeweza kutoa fedha peke yake, ilhali kwenye programu mtu mmoja mwenye neno la siri anaweza. Swali la pili limempeleka kwenye sura ya ruhusa na makundi ya watumiaji, na sasa anaandika idhini inayohitaji watumiaji watatu tofauti kabla mkopo haujahesabika kuwa umetolewa. Wakati huohuo daftari linaendelea kuandikwa kila Jumamosi sambamba na programu, na wamekubaliana kwamba hadi mgao wa mwaka huu upite, hesabu mbili zikitofautiana, ya kwenye daftari ndiyo itakayofuatwa.